Fangasi wa kinena: mimi nilianzia miguuni

Kabla ya kupaka chochote kinenani, nilivua soksi. Ngozi iliyo kati ya kidole cha nne na cha tano cha mguu ikiwa nyeupe, imelainika kama iliyoloweshwa na ina nyufa, basi chimbuko la muwasho wa mapajani limeshapatikana. Fangasi anayehusika mara nyingi ni Trichophyton rubrum, na ndiye huyo huyo anayekaa miguuni. Kupanda kwake hakuna ajabu: unapovaa boksa nyayo zinapita ndani yake, kitambaa kinazoa magamba ya ngozi na kuyafikisha juu. Au unajifuta miguu, halafu taulo lile lile linaenda mapajani. Anayetibu juu peke yake atapona, kisha atarudi duka la dawa.

Kwa hiyo niliweka utaratibu: miguu na kinena vinapakwa kipindi kimoja, soksi zinavaliwa kabla ya chupi, na taulo la miguu linakuwa la peke yake. Kucha za miguu zikiwa nene, za manjano na zinamomonyoka, dawa ya kupaka haitoshi. Hapo ni vidonge, tena kwa maelekezo ya daktari.

Si kila muwasho wa huko ni fangasi huyu. Wake una ukingo: mstari ulioinuka kidogo, wenye magamba na vipele vidogo, unaotanuka kuelekea ndani ya paja au matakoni huku katikati pakianza kutulia. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Mara nyingi utaona kahawia au weusi uliokolea. Korodani kwa kawaida haziguswi. Zikiwa zimewiva na zinauma, na kuna vipele vilivyotawanyika nje ya eneo lenyewe, fikiria kandida, fangasi wa jamii ya hamira. Doa la kahawia lililo bapa, lisilo na ukingo ulioinuka na lisilowasha sana, laweza kuwa la bakteria, na hilo hutibiwa kwa antibayotiki. Ukiwa na shaka, omba maabara wakwangue magamba ya ukingoni na kuyaangalia kwa darubini. Kipimo ni rahisi, ila kifanywe kabla hujaanza kupaka dawa, maana dawa huweza kuficha fangasi.

Dawa yenyewe ni klotrimazo ya asilimia 1, asubuhi na usiku, kwa wiki 2 hadi 4. Terbinafini ya asilimia 1 hupakwa mara moja kwa siku na humaliza kazi kwa wiki 1 hadi 2. Wengi huharibu kwa kuacha siku muwasho unapokoma. Muwasho hutangulia kuondoka; fangasi bado yupo. Endelea angalau wiki moja baada ya ngozi kuwa safi. Paka ukianzia sentimita 2 nje ya ukingo, kwenye ngozi inayoonekana nzima, ukielekea katikati, kwa sababu fangasi yuko mbele ya kile unachokiona.

Kiasi nacho kina hesabu. Dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili. Ukipaka kiasi hicho mara mbili kwa siku, tyubu ya gramu 20 inakwisha kwa siku 20. Ongeza miguu, uone kwa nini tyubu moja haitoshi.

Ninachokikwepa kabisa ni krimu za mchanganyiko, zile zenye steroidi kali (betamethasone au clobetasol) pamoja na antibayotiki ya gentamisini na dawa ya fangasi. Zinapendwa kwa kuwa muwasho hutulia upesi sana. Lakini steroidi hiyo inanyamazisha kinga ya ngozi, ukingo unafifia, fangasi anatanuka kimyakimya, na ngozi ya kinena, ambayo ni nyembamba, hupata michirizi isiyofutika. Soma maandishi madogo ya tyubu kabla ya kulipa. Kitunguu saumu, petroli na Jiki huunguza tu. Mafuta ya Whitfield, dawa ya zamani ya fangasi yenye asidi, yanafaa miguuni. Kinenani yatakuwasha moto.

Halafu kuna unyevu, ambao kwa jiji kama Dar es Salaam ni nusu ya ugonjwa. Baada ya kuoga najikausha mikunjo kwa kugusisha taulo, bila kusugua, na navaa ngozi ikiwa imekauka kweli. Boksa ni za pamba, haziwi za kubana, na zinabadilishwa kila siku, au mara mbili kwa anayeshinda juu ya pikipiki. Maji ya baridi hayaui mbegu zote za fangasi, kwa hiyo chupi, soksi na mataulo vifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, vianikwe juani, vipigwe pasi. Nguo isiyokauka vizuri ni bora ibaki kambani. Viatu vipishane siku kwa siku.

Usipoona nafuu baada ya wiki 4, au ukiwa na kisukari, VVU, usaha au upele ulioenea mwilini, nenda hospitali. Siku hizi kuna aina iliyosambaa kutoka Asia ya Kusini, Trichophyton indotineae, ambayo mara nyingi haisikii terbinafini. Vidonge vya ketokonazo usijinunulie: Ulaya ilisitisha matumizi yake dhidi ya fangasi mwaka 2013 kwa sababu ya madhara kwenye ini.

Weusi unaobaki baada ya kupona huchukua miezi kufifia. Ukipitisha kidole usikute magamba wala ukingo, na hakuna muwasho, na ile wiki moja ya nyongeza imepita, dawa imeshamaliza kazi yake. Usiongeze tyubu, na usipake krimu ya kung'arisha ngozi.