Kidole gumba kinanichongea

Walukuba, Jinja. Alhamisi usiku.

Leo nimepiga kwenye kinanda skeli yangu ya C, yaani ngazi ya noti kuanzia do, nikairekodi kwa simu, kisha nikaketi kujisikiliza. Kichwani mwangu huwa inateremka kama maji. Kwenye simu inachechemea: do, re, mi, halafu kishindo, fa. Kishindo hicho ni kidole gumba. Kinapita chini ya kiganja kikiwa kimeshachelewa, kinaiangukia noti yake kama gunia la mahindi linaloshushwa kwenye lori. Kila mara, pale pale.

Niseme ukweli wangu. Nimepiga kinanda kanisani miaka tisa bila kujua skeli hata moja sawasawa. Wapigaji wenzangu wanaijua siri yetu: kwaya ikianza juu ya E flati, unabonyeza kile kitufe cha kupandisha au kushusha ufunguo, yaani noti ambayo wimbo unaanzia ngazi yake, vidole vinabaki kwenye C, ibada inaendelea. Waumini hawajui, mchungaji hajui. Mwezi wa sita tukaalikwa harusini, na ukumbini kulikuwa na piano ya kweli, ya mbao na nyuzi. Piano ya mbao haina hicho kitufe. Waimbaji wakaanza juu ya A flati... basi, tuishie hapo. Mzee anayefundisha kwaya alinisogelea baadaye, akanishika bega, akasema, "Mwanangu, Jumatatu njoo nyumbani."

Nilifikiri atanipa nyimbo. Akanipa skeli. Metronomu ya kwenye simu, kile kihesabu mapigo, mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo, mkono mmoja mmoja. Kwa kasi hiyo unaweza kupiga miayo katikati ya do na re. Nilihisi ananidharau, na kwa siku tatu nilifanya mazoezi kwa hasira.

Kumbe kasi ndiyo iliyokuwa ikinifichia makosa. Ukienda polepole unaona kinachotokea: mimi nilikuwa nasubiri kidole cha tatu (gumba ni cha kwanza) kimalize mi ndipo gumba lianze safari. Mzee anataka gumba liondoke mapema, mara tu cha pili kinapobonyeza re, lifike juu ya fa na kukaa hapo likingoja. Kiwiko kisirushwe nje kama bawa la kuku. Mkono wa kushoto una shida yake: wenyewe unapanda vidole vyote vitano hadi so, halafu cha tatu kinavuka juu ya gumba kuifuata la. Kwa hiyo mikono ikipanda pamoja, wa kulia unageuka kwenye fa na wa kushoto kwenye la, na ubongo wangu unabaki njia panda. Dawa aliyonipa ni kuanza mikono yote kwenye C moja, mmoja upande juu, mwingine ushuke chini. Hapo vidole vile vile vinafanya kazi ile ile kwa wakati mmoja, na hata mimi niliweza siku ya kwanza.

Jambo lililoniuma zaidi ni hili. Chopin, yule mtunzi na mpiga piano wa Poland, alipofundisha, aliwaanzishia wanafunzi skeli ya B, si C. Ina noti tano nyeusi, nikadhani ni mateso. Nikaijaribu: vidole virefu vinakaa vyenyewe juu ya noti nyeusi, gumba linapata nafasi ya kupita chini. C iliyo nyeupe tupu ndiyo rahisi kusoma na ngumu kwa mkono. Miaka tisa nimejificha kwenye ufunguo mgumu!

Kidole cha pete nimekisamehe. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini, sasa jaribu kuinua cha pete. Hakiinuki. Kano zake zimeungana na za majirani zake, ndivyo tulivyoumbwa. Siku hizi nikihisi mkono unakaza hadi karibu na kiwiko naacha, kwa sababu misuli inayokunja vidole iko huko, na ikichoka hakuna skeli tena.

Jumamosi nilikuwa kwenye sherehe kijijini, upande wa Iganga, wakapiga embaire, marimba makubwa ya Wasoga. Mbao nene zimelazwa juu ya vigogo vya migomba, chini yake shimo limechimbwa ili sauti ivume, wapigaji wameketi pande mbili wakitazamana. Ukisikia kwa mbali ni mvua ya mawe. Nikasogea nikamkodolea macho kijana mmoja tu, mikono yake tu. Hakuwa na haraka hata kidogo. Alipiga kwa utulivu, akiacha nafasi, na wa upande wa pili anaingia katikati ya nafasi ile ile. Kasi yote ilitoka kwenye kupishana kwao. Angechelewa mmoja wao kwa nusu ya unywele, ngoma nzima ingeyumba. Nikatazama gumba langu.

Usiku huu nilikuwa nimefika mapigo 72, noti mbili kwa pigo, umeme ukakatika. Bwawa la Nalubaale linazalisha umeme tangu 1954, na kutoka kwangu ni mwendo mfupi wa boda, lakini giza ni giza. Nikaendelea kwenye kinanda kilichozimika. Bila sauti ya muziki unabaki mlio wa plastiki tu, tak tak tak, na huo haubembelezi mtu.

Mama wa jirani akagonga ukuta. "Mwanangu, umeme haupo, unagonga nini huko?"

"Naua panya, mama."

Akanyamaza kidogo, anasikiliza.

"Basi huyo wa nne ndiye mkubwa wao."