Nilifika Kolhapur, ukumbi umeshaungua

Mdogo wangu anasoma Pune, magharibi mwa India. Nilipokwenda kumtembelea Desemba 2024, nikamwambia nataka kuuona ukumbi wa maigizo wa Kolhapur, mji wa wafalme wa Kimaratha ulio kusini yake. Akacheka. "Kaka, umeungua." Nikamwambia twende hivyo hivyo.

Basi lilitushusha mchana, njaa inatuuma. Kolhapur mchuzi wa nyama huja kwa rangi mbili: mwekundu wa pilipili ya kukutoa kamasi, na mweupe wenye tui la nazi. Huo mweupe nilirudia mara tatu.

Geti la ukumbi lilikuwa limefungwa. Kuta za mawe zimesimama, masizi yamepanda juu yake. Moto ulizuka usiku wa tarehe 8 Agosti 2024, ukala paa na jukwaa. Tarehe 9 ndiyo siku aliyozaliwa Keshavrao Bhosale, mwimbaji wa jukwaani ambaye ukumbi umepewa jina lake. Watu walikuwa wajiandae kumkumbuka; wakaamkia majivu.

Mwenye kuujenga ni Chhatrapati Shahu Maharaj, mfalme wa Kolhapur wakati huo. Mwaka 1902 alikwenda London kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, na husimuliwa kwamba viwanja vya mduara vya Warumi alivyoviona katika safari hiyo havikumtoka akilini. Mwaka huohuo alitenga nusu ya nafasi za kazi serikalini kwa watu wa matabaka yaliyodharauliwa, jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko jengo lolote. Alipenda mieleka kupita kiasi, basi akaanza na Khasbag, uwanja wa mduara wa wanamieleka, uliofunguliwa 1912. Ubavuni pake akajenga ukumbi, kati ya 1913 na 1915, ukaitwa Palace Theatre.

Umbo la jukwaa na pazia lake vilitoka Ulaya. Kilichochezwa humo kilikuwa cha Wamaratha wenyewe: maigizo ambayo mhusika akizidiwa na mapenzi au majonzi huacha kusema, akaanza kuimba raga, tuni za jadi za Kihindi, na watazamaji wakimpenda humrudisha aimbe tena, kisa kisubiri. Wanawake waliigizwa na wanaume. Nilimkumbuka Seyyid Barghash, anayesimuliwa kuwa aliagiza muziki kutoka Misri, Wazanzibari wakaugeuza taarab yao. Wafalme huagiza chombo. Wa kukijaza ni wenyeji.

Karibu na hapo fundi mmoja alikuwa akiuza makubadhi ya ngozi, ambayo mji huu unasifika kwayo India nzima. Mdogo wangu akamuuliza kuhusu moto. Mzee akaelekeza sindano yake kwenye ukuta, akasema neno moja tu kwa Kimarathi, kisha akaendelea kushona.

"Kasemaje?"

"Kasema, nyumbani."

Nikalipa jozi moja bila kuomba apunguze. Yanalia nikitembea, kwikwi, kwikwi, mpaka stendi.