Kinachonyoosha shati ni unyevu, pasi hukausha tu

Mtu anaweza kuoga, kuchana nywele na kung'arisha viatu, na bado akaonekana ovyo kwa sababu ya shati. Wengi wakiona mikunjo haitoki huongeza moto wa pasi, na hapo ndipo kitambaa huungua huku makunyanzi yakibaki palepale.

Nyuzi za pamba hushikana kwa vifungo dhaifu vya kikemia ambavyo maji huvilegeza. Kitambaa kikikauka, vifungo hivyo hujifunga upya kwa umbo lolote kilichokuwa nalo wakati huo. Shati lililokauka likiwa limerundikwa kwenye beseni limeshashika mikunjo yake, na pasi kavu itaipapasa tu juu juu. Linyunyizie maji, likunje, liache dakika 10 hivi unyevu uenee, ndipo upige pasi mpaka likauke kabisa. Ukiliacha na unyevu, litajikunja tena ukiwa hata hujatoka nyumbani.

Poliesta ina tabia nyingine. Hainywi maji mengi; hulainika kwa joto na kushika umbo inapopoa. Ukiifua kwa maji ya moto kisha ukaikamua kwa nguvu ingali na moto, mikunjo inayobaki ni migumu kweli. Isuuze kwa maji baridi na uikamue kidogo.

Kazi nyingi huisha kwenye kuanika. Usijaze mashine ya kufulia kupita kiasi, toa shati mara inapomaliza kuzunguka, likung'ute kwa kushika mabega, litundike kwenye hanga, kisha vuta kwa mkono kola na ukanda wa vifungo. Shati lililoanikwa hivyo linahitaji pasi kidogo mno.

Angalia alama ya pasi kwenye lebo. Nukta moja ni joto lisilozidi nyuzi 110 za Selsiasi, mbili 150, tatu 200. Pamba na kitani kwa kawaida hubeba tatu, sufu, hariri na poliesta mbili, akriliki moja. Shati la mchanganyiko lifuate uzi dhaifu kuliko wote. Ukiwa na nguo nyingi, anza na zinazotaka joto dogo, kwa sababu pasi hupata moto upesi lakini hupoa polepole. Pasi ya mvuke ikitumiwa kabla haijapata moto wa kutosha hudondosha maji na kuacha madoa.

Anza na kola, upande wa ndani kwanza, ukitoka kwenye ncha kuelekea katikati. Ukienda kinyume, kitambaa cha ziada husukumwa hadi kwenye ncha na kujikunja pale pale panapoonekana zaidi. Fuata mabega, kisha vikofi (ncha za mikono zenye vifungo), halafu mikono: lalisha mkono kwa kufuata mshono wa chini, na uhakikishe tabaka zote mbili zimenyooka kabla pasi haijagusa. Kiwiliwili ni cha mwisho, kwa sababu ni kipana na kingekunjamana wakati unahangaika na mikono. Ukanda wa vifungo uupige kwa ndani, vifungo vikiwa vimelala juu ya taulo. Pasi ikipita juu ya vifungo huvipasua au kuviyeyusha.

Wanga wa kupuliza upewe muda wa kuzama ndani ya kitambaa. Ukipitisha pasi mara moja, hung'ang'ania bamba la pasi na kuacha magamba meupe, mabaya zaidi kwenye nguo nyeusi. Nguo za rangi nzito zipigwe kwa ndani, au weka kitambaa chembamba chenye unyevu katikati. Bila hivyo nyuzi hulala bapa na kung'aa, na mng'ao huo ni shida kuuondoa.

Ukimaliza, litundike dakika 5 likiwa limefungwa kifungo cha juu. Ukilivaa lingali na joto, viwiko na mgongo vitajikunja mara ukikaa.