Kifuniko si chake

"Kilikuja hivyo."

Wiki nzima maneno hayo mawili hayajaniacha. Mama ametolewa bandeji ya jicho na anaona vizuri, ofisini tumeletewa meneja mpya, na Shangazi mwenyewe amesharudi Kipkelion na kuku wake anawahesabu. Mimi bado niko mbele ya lile kabati la kioo kwenye makumbusho nilikompeleka Shangazi.

Ilikuwa hivi. Shangazi aliinama, mikono nyuma, kama alivyoelezwa mlangoni. Ndani ya kabati kulikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin: kirefu, shingo nyembamba, ukanda wa ngozi umeshonewa simbi. Akakitazama mpaka nikadhani amechoka kusimama. Kisha akasema, "Kifuniko si chake."

Kijana wa zamu akasogea. "Shosho, hapa hatugusi."

"Sijagusa, kijana wangu. Nimesema kifuniko si chake."

Kijana akatazama kioo, akatazama mlango ambako watoto wa shule walikuwa wanaingia kwa kelele, akasema, "Kilikuja hivyo." Akaenda kuwapanga watoto mstari.

Hakumvunjia heshima. Sauti yake ilikuwa ya upole. Ningejua la kufanya kama angekuwa mkorofi, lakini upole ule ulifunga mazungumzo kabisa. Makumbusho yenyewe siyataji, kwa sababu jambo hili laweza kutokea popote vibuyu vinapowekwa kwenye kioo.

Na Shangazi alikuwa na ushahidi. Mdomo wa kibuyu ulikuwa mweusi, mweusi wa mkaa na mafuta ya maziwa ya miaka mingi. Kifuniko hakikuwa na doa hata moja upande wa ndani. Tena kilikaa upande, kikaacha mwanya ambao nzi angepita bila kuinama. Aliyewahi kutayarisha mursik anajua maana yake. Kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, kwa ufito wa sosiot ambao ncha yake imepondwa mpaka ikawa brashi. Mkaa unaingia kwenye vinyweleo vya ukuta wa kibuyu. Maziwa huchemshwa, huachwa yapoe, humiminwa, kisha hufungwa siku kadhaa yagande. Hewa ikiingia ovyo yanaota ukungu na kazi yote inamwagwa. Hakuna vibuyu viwili vyenye mdomo sawa, kwa hiyo kifuniko hufuata kibuyu chake, huwezi kuazima cha jirani. Shangazi aliyaona yote hayo kabla mimi sijamaliza kusoma kibandiko cha maelezo, na kibandiko hakikusema lolote juu ya kifuniko.

Sasa, vifuniko hubadilishanaje? Kitu kinapoingia makumbusho huandikwa kwenye daftari la usajili na kupewa namba. Kikiwa na vipande zaidi ya kimoja, vyote hubeba namba ileile, kila kimoja na herufi yake: a kwa mwili, b kwa kifuniko, c kwa ukanda. Namba huandikwa kwa wino mdogo juu ya tabaka la vanishi inayoweza kutolewa bila kuharibu kitu, mahali pasipoonekana, kwenye kitako au upande wa ndani wa kifuniko. Wino ukifutika wakati wa kusafisha, au jengo likikarabatiwa na vitu vikahamishwa kwa haraka ndani ya sanduku moja, kifuniko kinaangukia kibuyu kisicho chake. Kuna pia uwezekano wa tatu: mkusanyaji alinunua mwili kwa mtu huyu na kifuniko kwa mwingine, vikasajiliwa pamoja siku hiyohiyo. Hapo kweli kilikuja hivyo, na kijana yuko sahihi. Lakini kama makumbusho yanajua, mbona kibandiko kisiseme? Na kama hayajui, yamepata mtu wa kuyaambia, yakamjibu kwamba hapa hatugusi.

Nimejaribu kumwandikia kijana majibu mengine. "Unajuaje, shosho?" lingetosha. Au "Subiri niandike." Naye hana ufunguo wa kabati, ufunguo hukaa kwa mtunzaji wa mikusanyo, lakini kalamu alikuwa nayo, niliiona mfukoni.

Basi kwa yeyote atakayempeleka mzee makumbusho akakutana na jambo la namna hii, usibishane na mhudumu wa ukumbi. Andika jina la ukumbi, kabati la ngapi kutoka mlangoni, kitu cha ngapi kutoka kushoto, na maneno ya kibandiko kama yalivyo. Piga picha bila flashi, kamera ikiwa pembeni kidogo ya kioo ili usijipige mwenyewe. Shuka mapokezi, uliza mtunzaji wa mikusanyo ya utamaduni, na kama hayupo acha barua. Ndani ya barua taja unachokiona: "mdomo una mkaa, kifuniko hakina, kinakaa upande." Ukiandika "mmekosea" itasomwa na watu wa malalamiko, haitamfikia mtu wa vibuyu. Mzee akikubali, taja jina lake na anakotoka, ili maelezo yake yaingie kwenye jalada la kile kitu na mtafiti wa kesho ayakute. Barua ya Shangazi nimeiandika. Aliisikiliza kwenye simu, akasahihisha sehemu ya sosiot, akauliza bei ya stempu.

Kuhusu mzee na kumbi zenyewe, shida ya kwanza ni mwanga. Ngozi, nguo na karatasi huwekewa mwanga hafifu, kiasi cha laksi 50, kwa sababu mwanga hupausha rangi na uharibifu huo haurudishwi. Jicho la mzee huchukua muda mrefu kuzoea giza baada ya jua la nje. Simameni naye ndani ya mlango dakika kadhaa kabla ya kabati la kwanza, la sivyo ataona weusi mtupu na kuona aibu kusema. Avae nguo za rangi nzito: kitenge cheupe hujitokeza kwenye kioo na kukifunika kitu chenyewe. Kioo cha kukuzia kinaruhusiwa na kinasaidia. Tochi usiwashe.

Shida ya pili ni sakafu. Mawe na vigae huchosha magoti kuliko kutembea njia ya shambani, kwa hiyo tafuta benchi kwanza, kabati baadaye. Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, Nairobi, hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Ukifika saa hiyo unapata muda kabla ya mabasi ya shule. Usimshushe mzee chini barabarani kwenye mzunguko, kile kilima kitammaliza kabla ya tiketi. Mwingize na gari hadi ndani. Tiketi hulipiwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na viwango hutofautiana kwa raia, watu wa Afrika Mashariki na wageni wengine, kwa hiyo beba kitambulisho chake na ulipe ukiwa nyumbani, mtandao ukiwa mzuri. Bustani ya nyoka ina tiketi yake.

Ndani, mimi huwapeleka wazee kwa Ahmed kwanza, yule ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970 akafa mwaka 1974. Sanamu yake iko uani, na hapo mzee anaweza kuketi na kusimulia, maana wengi walimsikia redioni. Baada ya hapo ndipo kwenye mifupa ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale aliyepatikana Nariokotome mwaka 1984. Mwambie mzee kwamba aliyekiona kipande cha kwanza ni Kamoya Kimeu, mtu wa Ukambani, kwa macho tu, juu ya changarawe zinazofanana rangi na mfupa. Hapo kila mzee hunyamaza. Kumbi mbili zatosha kwa siku. Anayemaliza kumbi zote harudi tena.

Nyaraka za Taifa, katika lile jengo la iliyokuwa National Bank of India, ni nzuri kwa mzee kwa sababu mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, uko ghorofa ya chini na hakuna ngazi za kumtesa. Jumapili hazifunguliwi, na Jumamosi hufungwa mapema, kwa hiyo anzia hapo. Sehemu nyingine ya mkusanyo wake iko Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 karibu na Nyayo House. Ukimaliza hapo unaweza kwenda City Park alikozikwa yeye na mkewe Sheila, karibu na kaburi la rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto, katikati ya sanamu za mawe ambazo hakuna anayekuzuia kuzigusa.

Lakini Shangazi alipona moyo kwenye Makumbusho ya Reli. Kule ni kwa viatu vya kufunga na kofia, kuna kokoto na jua, na vidato vya mabehewa viko juu mno, usimlazimishe kupanda. Tulisimama mbele ya behewa namba 12, ambamo afisa wa polisi Charles Ryall alilala akimvizia simba mla watu kituoni Kima, mwezi Juni mwaka 1900. Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma, behewa likainama kwa uzito wake, mlango ukajifunga nyuma yake, akatoka na Ryall dirishani. Shangazi hakushtuka. Akauliza, "Mlango ulikuwa unasukumwa upande gani?" Mhudumu wa pale hakumwambia lolote kuhusu kugusa. Akamwonyesha kwa mkono, akaeleza behewa liliinamia wapi, Shangazi akapinga, wakazunguka upande wa pili pamoja kuangalia. Niliwaacha.

Baadaye wakasimama chini ya Mount Gelai, injini namba 5918, moja kati ya 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, tani 252 juu ya reli ya upana wa mita moja. Shangazi akasema zile za kwao, Kipkelion ilipokuwa bado Lumbwa, zilikuwa ndogo kuliko hii lakini zikipanda mlima zilisikika mpaka kwenye majani chai. Mhudumu akatoa kalamu na kuuliza, "Hiyo ilikuwa mwaka gani, shosho?" Shangazi akafikiria kwa bidii. Mwaka aliokuwa anachunga ng'ombe wa baba yake, akasema, na mhudumu akaandika hivyohivyo.

Ndani ya gari alirudia swali lile mara nyingi, kwa sauti ya mhudumu, akicheka. La kibuyu hakulitaja tena. Mimi ndiye nililibeba hadi nyumbani.

Tangi la juu linavuja tena. Fundi anasema ni boya, mwenye nyumba anasema ni uzembe wetu, na maji ya kanjo yanakuja Alhamisi tu. Kama boya halijabadilishwa kufikia hapo tutajaza mitungi usiku, na Mama haruhusiwi kuinua kitu chochote kizito mpaka jicho litulie. Nimempigia fundi tangu asubuhi, simu inaita tu.