Siku niliyoambiwa niokote kalamu

Leo asubuhi mtoto kanikuta natoka kitandani, akaniuliza eti kwa nini mimi siamki kama watu wengine. Maana nageuka ubavu kwanza, nakunja magoti, miguu inashuka huku mkono unausukuma mwili juu, na ule mto ninaoubana katikati ya magoti unaanguka sakafuni kama kawaida yake. Nikamjibu mgongo tu. Hakuridhika, nikajifanya natafuta simu.

Ajali yenyewe ilikuwa ya gari, sisi tumesimama kwenye foleni, wa nyuma yetu hakusimama, akatugonga. Nilishuka kwa miguu yangu na maneno nikamtolea. Kiuno kikaja kudai chake kesho yake. Eksirei ikatoka safi, daktari akauliza kama miguu ina ganzi, kama mkojo unanitoka bila kujua, kama sehemu za kukalia nazihisi vizuri, maana ukiona hizo hungoji kesho, unawahi hospitali. Sikuwa nazo. Nikapewa vidonge vya maumivu nikaambiwa nisishinde kitandani, nitembeetembee. Miezi ikaenda na maumivu yapo palepale, na nyumbani wakaanza kuniangalia kwa lile jicho la si picha ilikuwa safi? Eksirei inaonyesha mfupa jamani, diski, zile nyama laini katikati ya pingili za mgongo, na misuli haioni, ila jaribu kumweleza mtu hivyo uone utakavyoonekana unajitetea.

Sasa siku yenyewe. Dada mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, tumekaa naye tunaongea tu, akaangusha kalamu yake chini, akaniambia niokotee. Nikaanza taratibu zangu, mkono mezani, nikachuchumaa mgongo umenyooka kama nina ndoo ya maji kichwani, pumzi nimeibana, meno nimeuma, nikaipata nikampa. Akaniangalia. Akaiangusha tena, "sasa inama kama mtu aliyeangusha kalamu."

Jasho lilinitoka, na hapo sijafanya chochote. Nikainama, mikono ikafika magotini ikagoma, pale chini ya mkanda ile moto ikawaka ikashuka mpaka kwenye tako, nikasema siwezi, akasema toa pumzi, usiibane, nikatoa, vidole vikashuka, vikashuka, vikagusa sakafu. Kuuma iliuma. Ila mimi nilichokuwa nasikilizia ni kitu kukatika huko ndani, tangu ajali nilikuwa nakingoja, na hakikukatika. Nikabaki nimening'inia pale naangalia viatu vyangu, kamba moja imelegea, kamba ambazo muda wote huo nilikuwa nafungiwa.

Akaniambia kuuma siyo lazima kitu kinaharibika, mishipa ya fahamu inaweza kuendelea kupiga alamu hata pakishapona. Mnadhani nilifurahi? Nilikasirika kweli, maana kama pamepona basi hii inayouma ni nini, na wale wa nyumbani si ndio watashangilia.

Siku hizi nainama, kamba nafunga mwenyewe, kukiwa na baridi au nikikaa sana ndio nalipia. Nikiwa kwenye gari nikisikia tu breki nyuma yetu kiuno kinakaza kabla hata sijageuka kuangalia. Nilimuuliza yule dada hapo kinachokaza ni mgongo au ni kichwa changu, akasema vyote viwili. Jibu la namna hiyo sijui mtu unalipeleka wapi.