Fito 13

Hesabu yetu ilikuwa sahihi, na ndiyo maana aibu ile haijanitoka mpaka leo.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Tuligawanywa makundi ya watu wanne, kila kundi litengeneze fremu ya daraja kwa fito za mbao: miraba mitatu inayofuatana, kila kiungo kifungwe kwa bolti moja tu. Bolti moja ina maana kiungo kinazunguka kama bawaba. Mraba wa namna hiyo ukiusukuma pembeni, unalala. Ukiupitishia ufito wa mshazari unakuwa pembetatu mbili, na pembetatu hailali.

Kwenye daftari nilikuwa na kanuni aliyoitoa James Clerk Maxwell mwaka 1864 (ndiyo, yule yule wa sumaku na umeme): zidisha viungo kwa mbili, toa tatu, unapata idadi ya fito zinazotakiwa ili fremu bapa isimame. Viungo vyetu 8. Mara mbili 16, toa tatu, 13. Mezani tulipewa fito 13, na zilipoisha tukajua kazi imekwisha.

Mwalimu akatundika ndoo kwenye kiungo cha chini, akaanza kumimina mchanga. Haikufika hata robo. Mraba wa kushoto ukalala taratibu, bila kelele, bila ufito hata mmoja kuvunjika. Hilo ndilo lililoniuma. Zingevunjika, angalau ingeonekana tulipambana.

“Haya, hesabuni tena.”

Tukahesabu. 13.

“Na mraba wa kati una mishazari mingapi?”

Miwili, imepishana kama herufi X. Wa kulia mmoja. Wa kushoto mtupu. Kanuni inahesabu fito. Haiulizi umezifunga wapi.

Hakutugombeza. Alichora nukta nne ubaoni, moja kwa kila mmoja wetu, akauliza nani alizungumza na nani wakati wa kufunga. Kila jibu akapiga mstari. Mimi na jirani yangu, mstari. Jirani yangu na aliyemfuata, mstari. Kati yangu na mwenzetu wa ng'ambo ya meza, hakuna. Tulikuwa tumenuniana tangu juzi yake kwa ajili ya zamu ya kuandika ripoti, mambo ya kitoto kabisa. Mimi nilifunga mshazari wa kati upande wangu wa fremu, yeye akafunga wake upande wake, kila mmoja akidhani mwenzake anashughulikia wa kushoto.

“Huu nao ni muundo,” mwalimu akasema, akaweka chaki chini.

Nikamtazama mwenzangu. Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

“Tutoe wako au wangu?”

“Wowote.”

Akashika nati, mimi nikazungusha spana. Tukauhamishia ufito kushoto, ndoo ikarudishwa. Safari hii mchanga ulijaa mpaka ukaanza kumwagika sakafuni, na mwalimu akatuonyesha ufagio ulipo.