Jumamosi ya Liuji

Wuhan, Desemba, usiku

Leo saa tisa alasiri mdogo wangu aliingia kufanya Liuji. Namwita mdogo wangu kwa sababu naye huniita xuejie, dada wa masomo, kama wanafunzi wa hapa wanavyomwita msichana aliyewatangulia chuoni. Nilibaki nje ya jengo na mkoba wake begani, baridi ikinipenya hadi kwenye mifupa, moyo ukinienda mbio utadhani jina lililobandikwa mlangoni ni langu.

Kwa mlio nyumbani: Liuji ni daraja la sita la mtihani wa taifa wa Kiingereza kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya China. Hufanyika Juni na Desemba. Alama zote ni 710, lakini namba iliyo midomoni mwa watu ni 425, maana usipoifikisha kwenye daraja la nne huruhusiwi hata kujiandikisha kwa la sita. La nne alilivuka. La sita, mara ya kwanza, alipata 398. Hajawahi kuitamka namba hiyo mbele yangu. Aliiandika kwenye kona ya daftari lake, akanisogezea.

Tukaanza Septemba, jioni tatu kwa wiki, kwenye meza ya mwisho ya kantini baada ya watu kula.

Kilichokuwa kinamwangusha ni kusikiliza. Siku ya mtihani kila mmoja anavaa hedifoni yake ya redio, chuo kinarusha sauti, na sauti inapita mara moja tu. Ikishapita imepita. Na kwake kikwazo kikubwa kilikuwa namba, jambo ambalo sikulitarajia kabisa kwa binti anayesoma uhasibu. Kichina kinahesabu kwa wan, yaani elfu kumi. Hivyo 120,000 kwake ni wan kumi na mbili, na akisikia Kiingereza kikitaja elfu mia na ishirini, lazima aivunje na kuijenga upya, huku msomaji ameshafika kwenye sentensi ya tatu. Nikamwambia sisi tuna laki: laki moja na ishirini elfu. Akaniangalia kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jirani safarini. Jioni ile nilimsomea namba mpaka wahudumu wakaanza kupindua viti juu ya meza.

Kuhusu "a" na "the" sikuwa na msaada mkubwa. Kichina hakina, Kiswahili hakina. Nilichonacho ni mazoea ya sikio tu, na mazoea huwezi kumwandikia mtu ubaoni.

Lakini kuna jioni moja ya Novemba ambayo bado inaniuma, na ndiyo iliyonifanya niandike usiku huu.

Nilimwomba anisimulie jambo lolote, bila daftari, ili ulimi ulegee. Akaanza kunisimulia bibi yake, kijijini huku huku Hubei, anavyochimba mizizi ya yungiyungi bwawani wakati wa baridi, tope likimfika mapajani. Kila alipomtaja bibi alisema "he". Kichina cha kusema hakitofautishi, ni ta kwa wote, ukiandika tu ndiyo utofauti unaonekana. Nikamkatiza: "She." Akarudia. Nikamkatiza tena. Mara ya nne akanyamaza, akafungua kitabu cha misamiati, akasema tuendelee na maneno. Bibi akabaki bwawani.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilirudi kidato cha kwanza, wiki ya pili. Miaka saba nilikuwa nimesoma kwa Kiswahili, na sasa mwalimu wa Biolojia anauliza kwa Kiingereza jani linatengenezaje chakula. Jibu nililijua: usanisinuru. Ningeweza kueleza mwanga, maji, hewa ya kaboni, vyote. Nikasimama, nikaanza kwa Kiswahili, nikaambiwa Kiingereza au nikae. Nikakaa. Nilikaa hivyo karibu mwaka mzima. Na mdogo wangu alikuwa anaamini nimezaliwa na Kiingereza, nami sikuwa nimemsahihisha kwa sababu nilipenda aamini hivyo.

Kesho yake nikamweleza yote. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza "she" kwa Kiswahili ni nani.

"Yeye."

Na "he"?

"Yeye."

Akashika mdomo. Kwa Kichina neno "yeye" ni babu mzaa baba, ingawa wao wanalipandisha sauti mwanzoni. Miezi yote amekuwa akinisikia nikiongea na mama kwenye simu, akidhani nina babu mgonjwa ninayemuulizia kila siku.

Tangu siku hiyo nilibadili utaratibu. Akisimulia nanyamaza, naandika makosa pembeni, tunayatazama mwishoni. Sina hakika kama ndivyo walimu wanavyofundishwa, ila alianza kuzungumza mfululizo.

Leo walitoka saa kumi na moja na nusu hivi, giza linaingia. Wengine walikuwa wanalinganisha majibu kwa sauti, yeye akapita katikati yao bila kugeuka. Alisema aya ya kutafsiri ilimpa shida, insha aliimaliza, na kwenye kusikiliza kuna namba mbili alizidaka zote. Sikumuuliza zaidi. Tulinunua viazi vitamu vya kuchoma, kimoja kila mtu, tukavishika kwanza ili mikono ipate moto.

Tulipofika karibu na bweni lake akaanza, kwa Kiingereza, bila kuombwa: kwamba wiki ijayo mizizi itakuwa tayari, kwamba bibi anaijua ilipolala kwa kupapasa tope kwa unyayo tu, kwamba hataki kusaidiwa. Na kila ilipofika mahali pa kuchagua "he" au "she", alisema "yeye". Yeye anaingia bwawani alfajiri. Yeye hukata mizizi kwa mkono asiivunje, maana ikivunjika inajaa tope.

Tulisimama mlangoni mpaka viazi vikapoa.